Kwa Zubeda, Macho Yakiwa Yamefungwa

Daktari amesema wiki tatu bila kusoma,
nawe umenipigia simu ukinung'unika
kama paka aliyenyimwa kichwa cha samaki.
Haya, binamu. Nimekutilia vitabu kwenye simu ya mwanao,
vyote vya kusikiliza, vyote vya kutisha,
maana najua hadithi za mapenzi hukupa kiungulia.

Mimi hushona kofia tangu alasiri
hadi Langoni wanapozima taa.
Vishimo mia na mia, kila kimoja
uzi hukizunguka hadi kikaze.
Macho yalikuwa na kazi yao,
masikio yamekaa kama wajane.
Nikayaoza kwa wasimulizi.

Anza na *Nyumba Yenye Milango ya Ndani*.
Kisa chenyewe si kigeni: mjane, ukuta mnene,
kitu kinachokwaruza nyuma ya zidaka.
Lakini msomaji, mama mmoja aitwaye Mwanatumu Shekue,
hapigi kelele hata mara moja.
Pale mwingine angenguruma, yeye hupunguza sauti,
hupunguza,
mpaka unajikuta umeinamia simu,
na hapo ndipo anapokukamata.
Sura ya nne nilijidunga sindano.
Kofia ile ina doa dogo upande wa ndani;
aliyeinunua alioa nayo, hana habari.

*Watu wa Chumvi* usikisikilize ukila.
Bahari imepanda, ulimwengu umekwisha,
waliobaki wanaishi juu ya mapaa
wakibadilishana betri kwa vikombe vya maji.
Msomaji ni kijana, nami nilimdharau,
kwani anasoma kama anayetangaza bei ya vitunguu.
Mvumilie hadi sura ya sita.
Utatambua kwamba mtu aliyeona kila kitu kikiisha
husema hivyo hivyo,
kama bei ya vitunguu.

Kile chenye ngoma na milango inayolialia, kifute.
Mzimu hauhitaji zumari.
Na kile cha bwana anayeigiza sauti za wanawake kwa pua
nimekuachia makusudi, ucheke,
ila polepole, usije ukatonesha jicho.

Sasa kuna kimoja nimesita kukitia,
nikakitoa, nikakitia tena.
*Siku ya Arobaini na Moja*.
Watu wa mji wametoweka, hatuambiwi wamekwenda wapi.
Amebaki mwanamke mmoja, anapita kichochoro kwa kichochoro
akiita majina milangoni.
Basi. Saa kumi na moja za majina.

Nilikisikiliza mwaka ule wa kafyu.
Barazani hapakuwa na mtu,
punda walitembea katikati ya njia kama waliorithi mji,
na sikujua kimya kipi ni cha kitabu
na kipi ni cha kwetu.
Msomaji huita jina, kisha hungoja.
Hungoja kweli, Zubeda. Pumzi mbili. Tatu.
Unamsikia akimeza mate.
Mtu mwingine angezikata pumzi zile;
sijui nani aliyeziacha, namwombea heri.

Sura ya tisa akaita, "Bwanaheri."
Najua majina hufanana.
Najua msomaji yule hakuwahi kufika Lamu,
wala kumwona ndugu yako akirudi sokoni
na ndizi zaidi ya alizotumwa.
Lakini alingoja, pumzi mbili, tatu,
na hakuna aliyejibu,
nami, uzi kinywani, usiku wa manane,
nikaitika: "Naam."

Hicho basi usikisikilize peke yako.
Nitapanda Mkomani Alhamisi baada ya isha
na mfuko wangu wa kofia.
Nitakaa karibu na mlango, sitasema neno.
Ukisikia kitu kinakwaruza,
usiogope,
ni sindano.
Huenda.